Miguu ya kwale

Nimerudi jana usiku kutoka kijiji cha Udekwa, wilaya ya Kilolo huko Iringa, nguo bado zinanuka moshi na magoti yanauma, ila acha niandike leo leo kabla haijanitoka. Nimemwona kwale wa Udzungwa! Kwa macho yangu, ndani ya msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa, tena wanne kwa mpigo.

Tulianza kusikia majani makavu yanachakurwa, mzee aliyekuwa anatuongoza akanishika bega, "tulia mwanangu," tukachuchumaa, afu wakatokea kwenye mizizi wanachakura kama kuku wa nyumbani kabisa. Ni wadogo, kama sentimita 29 hivi toka mdomo hadi mkia, mgongo kahawia inayoenda kwenye kijani cha zeituni na michirizi myeusi, kifua kijivu kina madoa meusi meusi, mdomo mwekundu, na uso sasa, uso una rangi ya kutu, yani ule udongo wetu wa Kilolo ukishalowa mvua. Akiganda tu kwenye majani humwoni tena mpaka asogee.

Mi macho yangu yalikuwa miguuni. Ya njano, na nyuma haina kipi, ule mwiba kama wa jogoo ambao madume ya kwale wa mashambani wanao. Babu alikuwa anatega kwale nikiwa mdogo, kazi ya kunyonyoa ilikuwa yangu na kile kipi kilikuwa kinanichoma vidole kila mara, ndo maana nilikitafuta.

Na huyu ndege wanasayansi walimjua kwa miguu hiyohiyo jamani. 1991 watafiti wa Denmark walikuwa wamepiga kambi kwenye milima hii, wakachungulia sufuria ya mboga wakakuta miguu ya ndege wasiyemfahamu. 1994 akatangazwa rasmi na jina la kisayansi, na ikaonekana ndugu zake wa karibu wako kwenye misitu ya Asia huko, sio hawa kwale wetu wa vichakani. Nikimfikiria babu na sufuria zake zote zile najiuliza tumekula nini bila kuangalia.

Hawakuruka wakati wa kuondoka. Walitembea wamefuatana, yule wa mwisho akasimama kidogo kainua mguu mmoja, vidole kavikunja, kautua taratibu juu ya jani, afu akaingia kwenye giza la miti.