Pikseli 10 kwa kila milimita: kuchora ramani ya chumba kwa skeli ndani ya Krita

Krita ni programu ya kuchorea kwenye kompyuta, imetengenezwa kwa ajili ya wachoraji wa picha, na ndani yake karibu kila kitu ni pikseli, yaani vile vinukta vinavyounda picha. Mita na futi unazileta wewe. Ndiyo maana ramani nyingi za vyumba zinazochorwa humo hupendeza kwenye skrini, lakini zikishaprintiwa na kuwekewa rula, vipimo havikubali. Skeli ni hesabu, na hesabu hiyo inabidi iishe kabla hujachora mstari wa kwanza.

Anza na DPI, yaani idadi ya pikseli zinazoingia kwenye inchi moja ya karatasi. Wengi huweka 300 kwa mazoea, na hapo ndipo wanapojifunga. Inchi moja ni mm 25.4, kwa hiyo kwenye DPI 300 milimita moja ya karatasi inabeba pikseli 11.811. Kwa skeli ya 1:50, yaani milimita 1 ya karatasi kwa kila 50 za nyumba, mita moja ya nyumba inakuwa pikseli 236.22. Ukitengeneza gridi ya pikseli 236, kwenye nyumba ya mita 12 utakuwa umeshapoteza karibu mm 11 halisi, na kila kipimo utakachokitafuta kitakudai kikokotoo.

Weka 254. Kwa DPI 254, milimita moja ni pikseli 10 kamili. Unapofungua faili jipya, chagua vipimo kwa milimita, andika 210 kwa 297 kwa A4, kisha 254 kwenye sehemu ya ubora (Resolution). Utapata pikseli 2100 kwa 2970. Kuanzia hapo hesabu unaifanya kichwani: kwa 1:100 gawa milimita halisi kwa 10, kwa 1:50 gawa kwa 5, kwa 1:20 gawa kwa 2. Mlango wa mm 900 kwa 1:50 ni pikseli 180. Basi. Na pikseli moja hapo ni mm 5 za nyumba, kwa hiyo usijisumbue kutafuta usahihi wa chini ya hapo. Ukiuhitaji, hamia 1:20.

Tuchukue chumba cha kulala cha mita 3 kwa 3.6, lipu hadi lipu. Ukuta wa tofali la inchi 6 ukishapigwa lipu pande zote huwa karibu mm 180, ila usikisie: weka tepu kwenye uwazi wa mlango upime. Kwa 1:50, ndani ya chumba ni pikseli 600 kwa 720. Nje, ukiongeza ukuta mmoja kila upande, ni 672 kwa 792. Chukua kifaa cha mstatili, andika upana na urefu kwenye mipangilio yake na ufunge kufuli za namba hizo, kisha chora mstatili wa nje uliojazwa rangi nyeusi, na juu yake, katika leya (tabaka la mchoro) nyingine, wa ndani uliojazwa nyeupe, pikseli 36 kutoka kila ukingo. Kilichobaki cheusi ndicho ukuta wako.

Mistatili hiyo ichorwe bila mstari wa ukingo, na hapa ndipo wengi wanapoharibu bila kujua. Brashi huweka wino wake pande zote mbili za njia inayoifuata. Ukizungushia mstatili ukingo wa pikseli 5, pikseli 2.5 zinatoka nje kila upande, na chumba kimekua kwa mm 25 kutoka ukuta hadi ukuta. Brashi inayonenepa kwa mkandamizo wa kalamu ni mbaya zaidi, kwa sababu kosa lenyewe halitulii mahali pamoja. Kuta zijazwe rangi. Mistari iachie fanicha na vipimo, pikseli 2 au 3, yaani mm 0.2 hadi 0.3 kwenye karatasi. Kumbuka pia kwamba kunasa kwenye gridi (snap), yaani ncha kujishika yenyewe kwenye mistari ya gridi, kunafanya kazi kwa mstari mnyoofu na maumbo. Brashi ya mkono huru inapita tu kama gridi haipo.

Vipimo vya madirisha na milango vichukue vyote kutoka kona moja, tepu ikiwa imelazwa palepale: dirisha linaanza 900, linaisha 2100, ukuta unaisha 3000. Ukipima kipande kwa kipande na kujumlisha, kila kosa dogo linabebwa hadi mwisho wa ukuta.

Na futi zibadilishe sawasawa. Fundi akikwambia chumba ni futi 10 kwa 12, hiyo ni mm 3048 kwa 3658. Ukiandika mita 3, umekata karibu sm 5, na sm 5 ndizo zinazoamua kama kabati linaingia. Kitanda cha tano kwa sita ni mm 1524 kwa 1829, yaani pikseli 305 kwa 366, na hilo ni godoro peke yake, fremu bado. Kiweke katikati ya ukuta wa mita 3 na kila upande unabaki na mm 738 tu. Chora na duara la mlango unapofunguka ndipo uone.

Chumba kisichokuwa skwea kinahitaji njia nyingine. Pima kona kwa kona, zote mbili. Kwa mita 3 kwa 3.6, chumba kilicho skwea kinatoa mm 4686 pande zote. Tuseme umepata 4720 upande mmoja. Milimita 34 zinaonekana ndogo, lakini zinasogeza kona ya mbali kwa takriban mm 53. Chora ukuta wa chini kwanza, pikseli 600. Kutoka mwisho wake wa kushoto chora duara la nusu kipenyo 720, kutoka mwisho wa kulia duara la 944, na zinapokatana ndipo kona ya kweli ilipo. Katika Krita shikilia Ctrl ili duara lianzie katikati, na uandike kipenyo kizima: 1440 na 1888. Kona ya nne itafute hivyohivyo, halafu ile kona kwa kona ya pili, ambayo hujaitumia, iwe shahidi. Ikipishana kwa zaidi ya pikseli 3, rudi na tepu. Kwenye nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe usianze kabisa bila vipimo hivi. Kona ya nyuzi 90 kamili humo ni nadra.

Kama unafuatisha picha ya ramani iliyopigwa kwa simu, tafuta ukuta mmoja unaoujua. Ukuta wa mita 3.6 lazima uwe pikseli 720. Kifaa cha kupimia kikisema 655, kuza picha hadi asilimia 109.92. Kisha pima ukuta unaokatana nao. Ukipata 580 badala ya 600, simu ilikuwa imeinama, na kukuza peke yake hakutasaidia. Nyoosha picha kwa kuvuta kona zake kwanza.

Faili lihifadhi kama PNG. Muundo huu huandika ubora kwa pikseli kwa mita, na DPI 254 ni 10,000 kamili. Liweke katika LibreOffice Draw, programu ya kupangia michoro kwenye kurasa, kwenye ukurasa wa A4, hakikisha picha ni mm 210 kwa 297, utoe PDF. Usitume kama picha ya WhatsApp, kwani itapunguzwa pikseli. Tuma kama dokyumenti. Skrinishoti pia haina skeli yoyote ndani yake.

Acha ukingo mtupu wa mm 10 kuzunguka karatasi, maana printa nyingi hazifiki pembeni, na chora mstari wa skeli wa mita 5: pikseli 1000, mm 100 kamili. Steshenari mwambie mhudumu achague Actual size (ukubwa halisi), asiguse Fit (kutosheza kwenye karatasi). Karatasi ikitoka, weka rula kwenye ule mstari kabla hujalipa. Ukisoma mm 96, ulichoshika ni 1:52, na chumba chako cha mm 3600 kitasomeka 3456 kwa yeyote atakayekipima.