Kumbukumbu ya mradi: baiskeli, kaskazi na njia ya kurudi Tanga

Mstari wa kwanza wa safari yangu ya baiskeli kutoka Tanga kuelekea Ulaya niliuchora kwa penseli nyekundu: Tanga, Arusha, Nairobi, Moyale, Addis Ababa, Gondar, Khartoum, Wadi Halfa, Aswan, Cairo. Ramani ikakaa ukutani juu ya kitanda, na chini yake kibubu. Tarehe 15 Aprili 2023 vita vikaanza Khartoum. Sikuufuta mstari kwa zaidi ya mwaka mzima. Kila jioni nilisikiliza taarifa ya habari nikitegemea kusikia mapigano yamesimama, nikawa nasikia watu wanakimbia miji ileile niliyoiwekea alama za kulala. Mwishowe nikaona si haki kuitazama nchi ya watu walio kwenye msiba kama kipande cha safari yangu. Nikafuta.

Njia ya magharibi, ya kupita Kongo, Kameruni na Nigeria hadi Moroko, niliipa wiki mbili tu. Viza ni nyingi, na kule Saheli kuna sehemu ambazo mtu mmoja na hema lake hapaswi kuwapo kwa sasa.

Basi nikaanza kuitazama Bara Arabu. Hapo ndipo baba mdogo alipoingia. Ujana wake aliumalizia kwenye majahazi, na siku niliyokwenda kumsalimia habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Naambiwa unataka kwenda Arabuni kwa baiskeli. Unatoka na upepo gani?"

Nikamjibu kuwa baiskeli haina tanga.

"Kifua chako ndicho tanga," akasema. "Ukikikabidhi upepo wa mbele miezi mitatu, utajuta."

Akanikumbusha yale ambayo kila mtoto wa pwani ameyasikia lakini mimi sikuwahi kuyatia kwenye hesabu. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini mashariki, huanza kutulia mnamo Desemba na huvuma hadi Machi. Ndiyo iliyokuwa ikiwaleta Waarabu huku na tende zao. Kusi, upepo wa kutoka kusini, hushika baada ya tangambili ya Aprili, pepo zinapobadilishana, nao wakarudi kwao na boriti za mikoko. Hakuna nahodha aliyebishana na kalenda hiyo.

Usiku huo nilitoa madaftari yote. Nilichokikuta kilinishtua: hata ile njia ya Cairo nilikuwa nimeichora kinyumenyume. Katika bonde la Nile upepo hutoka kaskazini karibu mwaka mzima. Ndiyo maana tangu zamani mashua za Misri hupanda mto kwa tanga na kushuka kwa mkondo. Mimi nilikuwa nimepanga kutoka Aswan hadi Cairo na upepo wote usoni, baada ya miezi ya uchovu.

Kwa hiyo nimeigeuza ramani. Sitaondoka Tanga kwa baiskeli. Nitapanda ndege na baiskeli ikiwa kwenye boksi, nianzie mbali, kisha niendeshe kuelekea nyumbani.

Uamuzi huu umenitatulia na suala la viza. Viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, huwezi kuiomba zaidi ya miezi 6 kabla ya kuingia, na kwa kawaida unaiomba ukiwa katika nchi unayoishi. Mtu anayetoka Afrika Mashariki akapedali polepole hadi lango la Ulaya anaweza kufika akiwa hana ruhusa tena. Nimeamua kuanzia Edirne, mji wa Uturuki ulio upande wa Ulaya, karibu na mpaka wa Bulgaria. Ni Ulaya halali, bila Schengen. Kutoka hapo ni siku tatu au nne hadi Istanbul. Madaraja makubwa ya Bosphorus, mlangobahari unaotenganisha Ulaya na Asia, hayaruhusu baiskeli, kwa hiyo Asia nitaingia kwa feri, kama mtu anayevuka kwenda Kigamboni.

Baada ya Uturuki nitaruka kwa ndege hadi Amman, Yordani. Wapo wanaosema safari yenye ndege katikati haijatimia. Mimi nataka kufika salama. Kutoka Amman njia inashuka kusini hadi Tabuk, Al-Ula na Madina, karibu na ile reli ya Hijazi iliyofika Madina mwaka 1908. Mahujaji walipita huku kwa karne nyingi kabla ya reli, na kipande hiki ndicho ninachokisubiri kwa moyo wote.

Kutoka Madina nitageukia mashariki hadi Riyadh, na baada ya hapo ndipo nilipokwama mwezi mzima. Ipo barabara iliyofunguliwa Desemba 2021 inayokata jangwa la Rub al-Khali moja kwa moja hadi Omani. Upande wa Saudia peke yake ni zaidi ya kilomita 500 za mchanga. Niliipenda mno, hadi nilipopata namba zangu mwenyewe.

Namba zilitoka Lushoto. Mwezi uliopita niliipakia baiskeli mzigo wote, nikalala Korogwe, alfajiri nikashika barabara na kuanza kupanda kutoka Mombo. Ni kama kilomita 33, na Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kabla ya Soni nikasikia mlio mkavu nyuma, kama uzi wa gitaa unaokatika. Nikashuka. Spoki ya upande wa gia imekatika shingoni. Nikaendelea mita mia mbili, ya pili ikafuata, na ringi ikaanza kucheza: kila mzunguko inagusa breki, chwa, chwa, chwa. Niliisukuma hadi Soni, jasho linaingia machoni. Fundi aliyeifunga alikaza baadhi ya spoki na kuziacha nyingine zimelegea, kwa hiyo zile chache zilibeba mzigo wa zote. Spoki ya akiba ninayo. Kifungulio cha kutolea gia nilikuwa nimekiacha nyumbani.

Siku hiyo nilikunywa lita 7. Ukiongeza ya kupikia, ni 8. Baiskeli inabeba lita 16 bila kuyumba, yaani siku 2, na siku 2 kwa mwendo wangu wa mzigo ni kilomita 140. Kwa barabara isiyo na uhakika wa maji kila kilomita 140, jibu nimeshalipata. Nimeiacha Rub al-Khali. Nitapita Falme za Kiarabu hadi Al Ain, nivuke kuingia Omani kupitia Buraimi, kisha Sohar na Muscat. Ni mzunguko, ila una vituo vya mafuta na vijiji.

Muscat yuko shangazi, kwenye mtaa ambao Kiswahili cha Unguja kinasikika dukani na msikitini. Nimepanga kumfikia mapema Januari. Kutoka kwake hadi Salalah ni karibu kilomita 1,000 kuelekea kusini magharibi, na hapo ndipo kaskazi itakaponishika mgongoni. Ningekuja na kusi ningeikuta Salalah kwenye ukungu na manyunyu ya Juni hadi Septemba, upepo usoni.

Kutoka Salalah, ndege hadi Addis Ababa. Kipande cha Hawassa hadi Moyale nimekichora kwa penseli. Hali ya usalama ikiwa mbaya nitashukia Nairobi. Ikiwa njema, nitapata lami yote ya Moyale hadi Isiolo, kilomita 500 hivi. Katikati kuna jangwa la Dida Galgalu, mawe meusi hadi upeo wa macho, ambako upepo hutoka mashariki na kusini mashariki bila kujali msimu. Nimekiongezea siku tatu. Halafu Namanga, Arusha, Moshi, Korogwe, Muheza, kabla masika hayajafunguka.

Jumla ni karibu kilomita 7,000. Kuondoka ni Septemba.

Ringi ya nyuma imefungwa upya, spoki 36, na safari hii nilikaa pembeni ya fundi mwingine nikizigusa moja moja hadi zote zikatoa sauti moja. Jumamosi napanda tena Lushoto, lita 16 zikiwa juu ya keria.