Adhana Chini ya Mti wa Bata Mzinga

"Bunduki unayo?" mke wangu aliuliza. Ilikuwa saa sita usiku, nimesimama jikoni nanoa kisu.

"Nitaazimwa."

"Na huyo ndege?"

"Yupo. Amelala."

Akanitazama kidogo, akazima taa ya sebuleni na kwenda kulala. Sikumlaumu. Nilikuwa nimetoka zamu ya jioni muda si mrefu, miguu inawaka moto, na saa tisa usiku mtu angenipitia twende porini kumvizia bata mzinga. Ilikuwa usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 27 Aprili 2019, wiki moja na ushei kabla ya Ramadhani, mjini Columbia, jimbo la Missouri, Marekani.

Mwenye safari alikuwa mzee mmoja tuliyefanya naye kazi ghalani. Miaka 68, na habari za kustaafu hataki kuzisikia. Sikuweza kumwita mtu wa umri wa baba yangu kwa jina lake la kwanza kama walivyofanya vijana wengine, nikawa namwita Mzee. Alipojua maana yake alilipenda, akaliandika kwa wino mzito mgongoni mwa kizibao chake cha kazi: MZEE, herufi ya mwisho imepinda kwa kukosa nafasi.

Urafiki wetu ulianzia kwenye kanga. Siku moja wakati wa chakula nilimsimulia jinsi tulivyowawinda utotoni kwetu Manyoni, Tanzania, naye akasema kanga anawajua sana, dada yake anawafuga shambani ili wamle kupe. Nilicheka peke yangu. Mama yangu kila nikimpigia simu hakosi kunikumbusha kwamba kanga hazai ugenini, maana yake nirudi nyumbani. Kumbe kanga wenyewe walishatangulia huku, wanazaa, na kazi wamepata. "Mwezi wa nne," Mzee akasema, "nitakuonyesha kanga wa kwetu."

Porini hapaingiwi hivi hivi. Missouri, ukiwa umezaliwa mwaka 1967 au baada yake, lazima upite kozi ya usalama wa uwindaji kabla ya kukata kibali. Nilisoma, nikafanya mtihani, nikafaulu. Mengi nimeyasahau ila moja: ukienda kuwinda bata mzinga usivae kitu chekundu, cheupe wala cha buluu. Kichwa cha dume katika msimu wa kutafuta majike huwa na rangi hizo hizo tatu, na mwindaji mwenye pupa anaweza kuipiga risasi soksi yako. Yaani ndege kajifunga bendera ya Marekani kichwani, halafu raia ndiye anayeambiwa asiivae. Nikavaa nguo za mabaka alizoniazima Mzee, suruali ikinipwaya. Kujiona kwenye kioo nikaingiwa na wasiwasi wa kizamani. Nyumbani, raia akikutwa na mavazi yale atakuwa na maelezo marefu ya kutoa.

Bata mzinga wa porini si yule mzito wa kufugwa anayejikokota uani. Huyu anaruka. Mchana anatembea ardhini akichakura, na jua likizama anapaa kwenye mti mrefu na kulala huko hadi kupambazuke, mbali na meno ya wanaotembea usiku. Anayejua mti walioulalia jana jioni amemaliza nusu ya kazi. Kwa hiyo Ijumaa ile, mimi nikiwa kazini, Mzee alikwenda shambani kwa dada yake, akaegemea nguzo ya uzio na kusikiliza. Anasema wanapopanda mtini mabawa yao yanasikika kama mtu anayekung'uta turubai. Saa mbili usiku nikapata ujumbe: "Wamelala. Kule kule kijitoni."

Habari ya ndege waliolala nilikuwa nayo ya zamani. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kanga wa Manyoni nao hulala mtini, tena kwa fujo. Magharibi wanagombania matawi, kwek-kwek-kwek, mpaka kijiji kizima kinajua leo wako wapi. Tulikuwa watoto watatu. Tukasubiri usiku wa giza, tukaenda na manati na tochi ya mjomba. Wale tuliowamulika hawakuruka. Waliduwaa tu, shingo wamezikunja, na sisi tukarusha mawe hata sijui mangapi. Wawili walianguka. Mmoja alifika chini ameshakufa. Wa pili tulimkimbiza kwenye miiba, na nilipomtia mkononi alikuwa analegea. Kisu tulikisahau nyumbani. Babu aliuliza swali moja tu: "Mmewachinja wakiwa hai?" Tukaitikia wote watatu kwa pamoja, haraka mno. Babu akala. Na mimi nikala.

Ndiyo habari ya kisu.

Tulifika shambani saa kumi na nusu. Kipande cha mwezi kilikuwa bado juu, kikatutosha kutembea bila tochi. Mzee mbele, mimi nyuma nakanyaga alipokanyaga, umande umenilowesha mpaka magotini. Kando ya kijito kulikuwa na miti mirefu yenye magome meupe kama imepakwa chokaa. Wenyewe wanaiita sycamore. Alinikalisha chini ya mwaloni mnene kuliko mabega yangu. Hilo nalo lilikuwa kwenye kozi: mti ukukinge mgongo, asije mtu akakufyatulia kwa nyuma. Yeye akakaa kushoto kwangu, akaninong'oneza kwamba wako kama mita mia moja mbele.

Mpango wake ulikuwa tuwaache hadi kama saa kumi na moja na nusu, kisha alie kama bundi. Dume mwenye moto wa majike akisikia kelele ya ghafla, iwe bundi, kunguru, radi, hata mlango wa gari, anajibu bila kufikiri, na hapo unajua yuko tawi lipi. Njiani nilikuwa nimemwambia kwamba kwetu bundi haigwi. Akilia juu ya paa, watu wanaanza kuulizana nani mgonjwa. Akasema basi ikifika zamu ya bundi nizibe masikio.

Bundi hakuhitajika. Dakika chache kabla ya saa kumi na moja, simu yangu ilianza mfukoni: Allahu akbar, Allahu akbar.

Mlio wa simu nilikuwa nimeuzima. Ile programu ya adhana ilikuwa haijapewa taarifa. Nikaanza kupapasa zipu za koti nisilolizoea, vidole vimekufa ganzi, sauti nzuri ya muadhini ikisambaa bondeni, na kabla sijaifikia, giza likapasuka. Goborogoborogoboro! Si mita mia mbele. Hapa hapa, kwenye mti wa jirani. Akadakia mwingine ng'ambo ya kijito. Nikaipata simu, nikaizima, na tukabaki watatu kimya: Mzee, mimi, na yeye juu.

Nilingojea nitukanwe. Mzee hakusema neno, ila mabega yake yalikuwa yanatikisika, nikajua anajibana kucheka. Baadaye akanisogelea sikioni. "Lazima usimame?"

Nikamwambia udhu ninao tangu nyumbani, nitasali hapo hapo nimekaa.

"Taratibu basi," akasema. "Yuko karibu kukudondokea."

Nikasali, na katika dua nikaongeza ndege yule asijisaidie.

Baada ya hapo ikawa kukaa tu. Nikawa nacheua aliyonisimulia Mzee njiani. Baba yake alilima bonde hilo hilo na karibu maisha yake yote hakuua bata mzinga hata mmoja, kwa sababu hawakuwepo. Misitu ilikuwa imekatwa, na watu walikuwa wamewapiga bila kipimo, tena wengi wakiwa wamelala vile vile mtini. Miaka ya 1950 idara ya uhifadhi ya jimbo ikaanza kuwakamata waliobaki kwenye vilima vya Ozark huko kusini na kuwahamishia kwingine. Waliwamwagia mahindi, na wakishainamisha vichwa kula, wavu unarushwa juu yao kwa mizinga midogo. Bata mzinga kukamatwa kwa mzinga. Aliyempa jina kwa Kiswahili sijui aliona nini. Mwaka 1960 walipofungua tena msimu, jimbo zima waliuawa 94. Mzee alikuwa na miaka tisa. Anakumbuka watu wakisimamisha magari barabarani kumtazama mmoja aliyelazwa nyuma ya pikapu.

Kulipoanza kupambazuka nilimwona. Kwanza kama gunia lililosahauliwa kwenye tawi. Kisha shingo ikachomoza. Kisha zile ndevu za kifuani, manyoya magumu kama brashi ya viatu, zinaning'inia. Mita ishirini, pengine pungufu. Saa kumi na mbili kasoro robo, yaani nusu saa kabla ya jua kuchomoza, sheria ikaruhusu. Shotigani ya Mzee ilikuwa magotini kwangu. Sikufikiri kitu. Mikono ilipanda yenyewe kama ilivyopanda na manati, bismillahi imeshafika mdomoni.

Kiganja cha Mzee kikatua juu ya mtutu. Hakuusukuma, aliukandamiza kwa uzito wa mkono tu mpaka ukarudi magotini. Akatikisa kichwa, akaonyesha ardhini kwa kidole. Ashuke kwanza.

Halafu akatoa kibao cha mviringo na kijiti, akakwaruza. Ikatoka sauti ya jike anayeamka, ndogo, ya uvivu: kyok, kyok. Dume akanguruma kujibu, akageuka kwenye tawi na kuchungulia chini. Mzee akavua kofia, akaipigapiga pajani kama mabawa ya jike anayeshuka mtini. Nilimwangalia kwa mshangao. Mtu mzima, katibu wa kanisa lake, anamdanganya ndege kwa kofia! Na dume alikuwa anaelekea kukubali. Tatizo ni kwamba ng'ambo ya kijito walikuwepo majike wa kweli, nao wakaanza kushuka mmoja mmoja. Akatutazama tulipo, akajikung'uta, akajitupa. Alipita juu yetu, upepo wa mabawa nikausikia usoni, akatua kule kwa wenzake.

"Ana wake zake," Mzee akasema kwa sauti ya kawaida, akafungua chupa ya kahawa.

Aliniambia tusivunjike moyo. Ikikaribia saa nne, majike wanakwenda kwenye viota, dume anabaki peke yake, na hapo anamkumbuka yule aliyemwita asubuhi. Kisheria tulikuwa na mpaka saa saba mchana. Akanionya nisitikisike, akaenda kusikiliza kona nyingine ya shamba.

Sikutikisika. Nililala.

Kilichoniamsha ni mvumo, mzito na wa chini, kama lori lililosimama mbali injini inanguruma. Nikafungua macho. Alikuwa hatua nane mbele yangu. Mkia ameutandaza kama upepeo, ncha za mabawa zinaburura majani makavu, kichwa cheupe juu, buluu usoni, nyekundu shingoni, sawasawa na picha ya kozi. Yale manyoya niliyodhani ni meusi yalikuwa shaba, na akigeuka kidogo yanakuwa kijani, akigeuka tena zambarau. Bunduki ilikuwa ardhini upande wangu wa kushoto. Kupe mmoja alikuwa anatembea kwenye kifundo cha mkono wangu, nikamwacha atembee. Ndege akainamisha kichwa pembeni, akaniangalia kwa jicho moja, kama mtu anayejaribu kukumbuka tulionana wapi. Sijui ni sekunde ngapi. Akaukunja mkia, akasema "pt!", akapiga hatua tatu za heshima, kisha mbio.

Mzee aliporudi alikuta nyayo kwenye tope, vidole vitatu virefu, na pembeni mistari miwili ya mabawa. Akazifuata kwa macho mpaka kwenye viatu vyangu.

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nimelala."

Akakaa chini kabisa, kofia mkononi, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanyanyuka, na tukirudi kwenye gari akawa anainama kila baada ya hatua chache kuchuma uyoga, ule wenye vitundu kama sega la nyuki unaoota msimu ule. Alijaza kofia. Tulipofika kwangu akaimimina yote kwenye mfuko, akanipa.

Mke wangu alikuwa jikoni. "Ndege yuko wapi?"

"Aliamka kabla yangu."

Hakuuliza zaidi. Alinipokea mfuko, akachukua kile kisu kutoka kiunoni kwangu, akakijaribu ukali wake kwa kidole gumba, akaanza kukata uyoga.