Siku moja maishani mwangu: kuwatafuta bakteria wanaokula petroli chini ya Lubumbashi

Saa 12 asubuhi. Tumekwisha kufika pembezoni mwa mji, kwenye uwanja wa mama mmoja ambaye kisima chake kiko jirani na ghala la zamani la mafuta. Tunaanza mapema kwa sababu benzeni na tolueni, ambazo huyeyuka katika maji kwa urahisi kuliko sehemu nyingine nyingi za petroli, hugeuka mvuke upesi jua likipanda. Pampu ndogo inavuta maji polepole, na chupa za kioo zinajazwa hadi mdomoni, pasipo kubakiza hewa chini ya kifuniko.

Mama anauliza, "Mwanangu, na nikiyachemsha?"

"Hapana, Mama. Mvuke wake utajaa jikoni, nanyi mtauvuta."

Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa mikrogramu 10 za benzeni kwa lita moja ya maji ya kunywa. Kiasi hicho pua haikinusi wala ulimi haukionji, ndiyo maana namsihi asitegemee harufu.

Saa 2. Vipimo vingine havingoji kufika labo. Oksijeni iliyomo majini tunaipima papo hapo, nayo karibu haipo. Jambo hilo linanipa matumaini, kwa maana petroli inapoingia ardhini bakteria wanaotumia oksijeni huila kwanza mpaka oksijeni yenyewe inakwisha, kisha kazi hushikwa na wale wanaopumua kwa nitrati, kwa chuma au kwa salfeti badala ya oksijeni, na mwishoni na wale wanaotoa methani. Tone la dawa linageuza maji kuwa ya zambarau: chuma kimeyeyuka humo. Udongo wetu mwekundu wa Katanga una chuma kingi, hivyo nawashuku bakteria wa jamii ya Geobacter, wanaopumua kwa chuma na kukifanya kiyeyuke, ambao waliwahi kuonekana pia huko Bemidji, Minnesota, ambako bomba la mafuta ghafi lilipasuka mwaka 1979 na watafiti wa Marekani wanalichunguza eneo hilo hadi leo.

Saa 5. Labo. Maji yanapitishwa kwenye chujio lenye vitundu vya mikromita 0.22, bakteria wanabaki juu yake, na chujio linawekwa kwenye barafu likisubiri kutolewa DNA.

Saa 7 mchana. Baada ya bukari na sombe, mwanafunzi wangu ananiita kwa furaha: "Mwalimu, tumempata!" Kwenye sahani zake za kuoteshea bakteria wameota bakteria wa jamii ya Pseudomonas, nao wanakula tolueni vizuri kabisa. Nampongeza kwa dhati, kisha tunaketi kujadiliana. Sahani ile ilikaa hewani, ilhali kisimani hakuna hewa. Tena bakteria walio wengi wa ardhini hawakubali kuota kwenye sahani hata kidogo. Aliyeota hapa anaweza kuwa mgeni tu katika maji yale, na anayefanya kazi kubwa asionekane kamwe.

Saa 9. Umeme unakatika, jenereta inawashwa kwanza kwa ajili ya friji.

Saa 10 alasiri ndiyo saa ninayoipenda. Tunasoma jeni la 16S, lenye herufi zipatazo 1500, ambalo hutuambia bakteria ni wa ukoo gani. Lakini ukoo si kazi: ndugu wawili wa jamii moja, mmoja anakula tolueni na mwingine hawezi. Kwa hiyo tunatafuta pia jeni la bssA, linalotengeneza kimeng'enya cha kuanza kuvunja tolueni pasipo oksijeni. Nalo huonyesha uwezo tu. Ushahidi mzito zaidi ni ule wa kuwalisha bakteria tolueni yenye kaboni 13, aina ya kaboni iliyo nzito kuliko ya kawaida, kama walivyofanya watafiti wa Warwick, Uingereza, waliotangaza njia hiyo mwaka 2000 kwa kutumia methanoli: aliyekula hubeba kaboni hiyo katika DNA yake, ikawa nzito, ikatenganishwa na ya wengine kwa kuzungushwa kwa kasi kubwa. Tolueni hiyo ni ghali mno kuitumia kwa kubahatisha.

Saa 12 jioni. Tunaandaa chupa zenye matope na maji ya kisima, zisizo na oksijeni, na kutia tolueni ya kawaida katika zote. Baadhi tumezipika kwa mvuke wenye shinikizo ili kuua kila kilicho hai. Tolueni ikipungua katika zilizo hai na kubaki ilivyo katika zilizopikwa, huku chuma kilichoyeyuka kikiongezeka, ndipo nitakapoagiza ile ya kaboni 13.