"Start" au "commence"?

Jioni hii nimekaa na mdogo wangu tunaandika barua yake ya kuomba kazi. Nikisema "start", yeye anaweka "commence". Nikisema "buy", anaweka "purchase". Eti ndiyo Kiingereza cha ofisini! Nikamwambia hayo ni mambo ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa walioiteka Uingereza mwaka 1066. Wakubwa wakawa wanaongea Kifaransa, wakulima wakabaki na Kiingereza chao. Ndiyo maana ng'ombe akiwa zizini ni "cow", akifika mezani ni "beef", neno lililotoka kwa wakubwa. Kacheka, kafuta "commence" zote. "Purchase" kaing'ang'ania, nami nimemwachia: kazi yenyewe ni ya manunuzi, huko wanaishi kwa LPO (Local Purchase Order, hati ya kuagiza bidhaa), na hiyo P ndiyo "purchase" hiyo hiyo.