Siku mbili Tate Modern na vizibo vya chupa

Siku ya kwanza niliingia Tate Modern, makumbusho ya sanaa ya kisasa, kama ninavyoingia Kariakoo, nataka nipite kila duka. Ilikuwa Februari 2024, nimemtembelea kaka yangu London. Kilichoniponza ni neno "bure". Maonyesho maalumu yana tiketi, lakini kwenye vyumba vya mkusanyiko wa kudumu hutoi hata senti. Mtu uliyezoea kugeuza kila pauni kuwa shilingi, ukisikia bure unataka yote. Nilitoka baada ya kuzunguka saa tatu nzima, miguu inawaka moto, na nilipoulizwa nimeona nini nikabaki kutaja ngazi.

Kaka alicheka sana. "Mdogo wangu, kesho nenda na mtoto, mkaangalie kitu kimoja tu, mrudi."

Basi kesho yake tukashuka stesheni ya St Paul's, mimi na mwanawe wa miaka tisa, tukavuka mto Thames kwa daraja la waenda kwa miguu. Mbele yako unaona bomba la moshi la matofali, mita 99, maana jengo lile lilikuwa kituo cha kufua umeme. Kilizimwa 1981, makumbusho yakafunguliwa 2000. Tuliingia mlango wa magharibi, ambako sakafu inateremka hadi Turbine Hall, ukumbi wa mitambo ya zamani, wenye urefu wa mita 155 na kimo cha 35.

Kitu chetu kimoja kilikuwa kinaning'inia humo: kazi ya El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyeishi na kufundisha Nigeria miaka mingi. Jina la kazi hiyo kwa Kiswahili ni kama "Nyuma ya Mwezi Mwekundu". Kwa mbali niliona tanga. Nimekulia Tanga mjini, tanga la jahazi lililoshiba upepo nalijua, na lile lilikuwa limeshiba kweli, ila jekundu na kubwa kupita jahazi lolote. Tuliposogea ndipo nikaona limetengenezwa kwa vizibo! Maelfu kwa maelfu, vimepondwa, vimekunjwa, vimeshonwa kwa waya wa shaba. Si vile vya soda tunavyochezea drafti chini ya mwembe. Ni vile laini vya kuzungusha, vya chupa za pombe kali.

Hapo nikaelewa kwa nini tanga. Pombe ilikuwa mojawapo ya bidhaa zilizotolewa ili kupata watu katika biashara ya watumwa ya Atlantiki, iliyofanywa kwa meli za matanga, na ramu inatokana na miwa iliyolimwa na watumwa haohao. Tena Henry Tate, mwenye jina la makumbusho, alitajirika kwa sukari. Nilikaa sakafuni. Pale watu wanakaa, hata kulala, hakuna anayekufukuza.

Sehemu ya pili ya kazi hiyo ilikuwa vipande vyembamba mfano wa watu, vimetawanyika hewani bila mpango. Mtoto alizungukazunguka, mara akapiga kelele: "Shangazi, simama hapa! Usisogee!" Nilisimama alipotaka, na wale watu waliotawanyika wakaungana kuwa duara moja, kama dunia. Nikisogea hatua mbili, linavunjika. Tulicheza mchezo huo muda mrefu kuliko nilioutumia ghorofa nzima jana yake.

Mwishoni kabisa palikuwa na ukuta mweusi uliomwagika hadi chini kama mawimbi. Wengi waliupiga picha wakageuza. Sisi tulizunguka nyuma, na nyuma ndiko kulikokuwa na uhondo: fedha inayometa na rangi za kila namna.

Njiani mtoto akauliza drafti inachezwaje kwa vizibo. Nikamwambia kila mchezaji anahitaji 12, mmoja anavilaza kifudifudi, mwingine chali. Siku naondoka tulikuwa tumefikisha 17, na kaka yangu amechoka kunywa soda.