Pete ya mishipa ya damu inayombana mtoto pumzi: picha huonyesha nini, na huficha nini

Mtoto anayetoa sauti ya mkwaruzo kila avutapo pumzi tangu wiki zake za mwanzo, na ambaye dawa za pumu hazimsaidii, anastahili kuangaliwa mishipa mikuu ya damu ya kifuani kabla hajaongezewa dozi nyingine. Kazi yangu ni kusoma picha za radiolojia, na kwa maoni yangu uchunguzi huo uanze na eksirei ya kawaida ya kifua, ambayo wengi huipitia kwa haraka wakitafuta nimonia tu.

Kwa watu wengi tao la aota, yaani mpindo wa mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, hupita upande wa kushoto wa trakea, yaani bomba la hewa. Likionekana kulia, au trakea ikiwa imeminywa, shaka haina budi kuingia. Kijusi huanza na matao pande zote mbili, kisha moja hutoweka. Yote mawili yakibaki, huzunguka trakea na umio na kuvibana kama pete. Wakati mwingine tao ni moja tu, la kulia, lakini ateri ya mkono wa kushoto hupita nyuma ya umio, na kano lililobaki baada ya mshipa wa kijusi kujifunga hukamilisha mzunguko.

Kipimo cha kumeza bariamu, kimiminika kinachouonyesha umio kwenye eksirei, kimepitwa na wakati machoni pa wengi, ila mimi bado nakiheshimu. Pete huacha alama ya kubonyea nyuma ya umio. Alama ikiwa mbele, fikiria ateri ya pafu la kushoto iliyochipuka kutoka ile ya kulia na kupenya kati ya trakea na umio. Kasoro hiyo mara nyingi huambatana na trakea ambayo gegedu zake ni duara kamili, jambo linalobadilisha upasuaji wote.

Ekko ya moyo, yaani picha ya mawimbi ya sauti, inahitajika kwa ajili ya kasoro za moyo wenyewe, lakini hewa iliyomo kwenye trakea huyazuia mawimbi ya sauti. CT, yaani eksirei ya vipande inayosomwa na kompyuta, ikifanywa baada ya kudunga dawa yenye iodini, huonyesha mishipa na njia ya hewa pamoja kwa sekunde chache. MRI, inayopiga picha kwa sumaku, haina mionzi, lakini huchukua muda mrefu, hivyo mtoto mdogo huhitaji dawa ya usingizi, na kumlaza usingizi mtoto ambaye tayari anapumua kwa shida si jambo dogo.

Mtego uko hapa: dawa ya iodini hung'arisha tu mishipa inayopitisha damu. Kano halionekani, wala kipande cha tao kilichoziba. Msomaji wa picha hulazimika kuyatambua kwa dalili za pembeni, kama uvimbe kwenye shina la ateri ya mkono wa kushoto unaoitwa kwa jina la Kommerell, daktari wa radiolojia wa Ujerumani aliyeueleza mwaka 1936 kwenye ateri ya mkono wa kulia, au ateri nne zilizojipanga kwa ulinganifu chini ya shingo. Kuandika kwamba hakuna pete, eti kwa sababu haikuonekana nzima, ni kosa.

Tangu Robert Gross alipoikata pete ya namna hii huko Boston mwaka 1945, daktari wa upasuaji amehitaji kujua tao lipi ni dogo, kwa kuwa ndilo hukatwa. Mara nyingi ni la kushoto, na ndipo kifua hufunguliwa upande huo. Ripoti ya CT isiyotaja hilo hurudishwa.